Tangazo fupi, la maelezo kamili au la video: jinsi ya kuchagua unapouza gari lililotumika

Gari limeoshwa, hati ziko mezani, bei umeshaipanga. Kilichobaki ni tangazo, na hapo ndipo wauzaji wengi hukwama. Mmoja atakushauri uandike mistari mitano tu, kwa sababu watu hawasomi. Mwingine atasema weka kila kitu, mpaka umri wa betri. Wa tatu atakwambia siku hizi bila video hupigiwi simu. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa gari lake.

Mwenye gari anajua injini inavyowaka asubuhi, anajua lile tairi la nyuma linalopungua upepo, anajua oili ilibadilishwa lini. Mnunuzi hajui lolote kati ya hayo. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alitumia soko la magari yaliyotumika kueleza madhara ya pengo hili. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zuri na bovu hutoa bei ya wastani kwa yote. Mwenye gari zuri huona anapunjwa na kuliondoa sokoni. Yanayobaki yanazidi kuwa mabovu. Mwaka 2001 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa uchambuzi wa masoko ya namna hii. Kwa muuzaji, somo ni la moja kwa moja: kila shaka ambayo tangazo halikuiondoa, mnunuzi ataikata kwenye bei. Hakuna anayetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo kabla ya kuchagua aina ya tangazo, jiulize mtu akiliona gari hili atatilia shaka nini.

Vigezo vya kulinganisha

Kila aina tutaipima kwa mambo yale yale: mashaka inayoyaondoa, kazi ya kuiandaa, namna bei inavyotajwa, namna inavyobeba kasoro, watu inaowaleta, na mahali inapoharibikia. Kisha tutaona inamfaa nani.

Kuna vitu visivyo na mjadala, vikae kwenye tangazo la aina yoyote: chapa na modeli, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini na aina ya mafuta, gia, kilomita, idadi ya wamiliki, hali ya hati, mahali gari lilipo, bei, na saa za kupigiwa simu. Kikikosekana kimoja, simu za kwanza zote zitakuwa za kukiuliza hicho hicho. Kama mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza ni tofauti na wa kutengenezwa, andika yote miwili. Gari lililokaa yadi muda mrefu au lililoagizwa kutoka nchi nyingine linaweza kuwa na tofauti ya miaka kadhaa, na hapo ndipo ugomvi huanzia siku ya kukagua hati.

Kuna pia maneno ya kufuta kabla hujaanza: "gari safi sana", "kama jipya", "injini haijaguswa", "ni kuweka mafuta tu uondoke", "bei ya kutupa". Mnunuzi ameyasoma kwenye kila tangazo, hata la gari lililopandishwa juu ya mawe. Badala ya "injini safi" andika "haivuji oili, haipandishi joto, oili ilibadilishwa km 139,800". Hayo anaweza kuja kuyakagua, ndiyo maana anayaamini. Hilo la "haijaguswa" ni baya kuliko yote. Kwa anayejua magari, injini yenye km 180,000 ambayo haijaguswa ni injini ambayo haijabadilishiwa plagi wala mkanda.

Tangazo fupi

Ni mistari mitano hadi saba na picha nne hadi sita. Mfano:

*Toyota Corolla 2013, 1.6 petroli, manyuo gia 6*
*Km 142,300, bado linatumika hivyo zitaongezeka kidogo*
*Mmiliki wa pili, hati kwa jina langu, halidaiwi mkopo*
*Sevisi ya mwisho km 139,800: oili, filta, plagi*
*Kasoro: mkwaruzo bampa la nyuma kulia, kiyoyozi hakipozi vizuri*
*Bei: (tarakimu kamili), maelewano madogo ukishaliona*
*Simu saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku*

*Mashaka.* Linajibu maswali ya msingi na kuishia hapo. Linatosha pale modeli yenyewe inapojulikana, spea zake zinapopatikana bila shida na mafundi wengi wanapoizoea. Mnunuzi wa gari la namna hiyo haiogopi modeli. Hofu yake ni juu ya gari hili moja tu, na ataimaliza kwa macho yake na kwa fundi wake. Kitu ambacho tangazo fupi haliwezi ni kueleza kwa nini km 142,300 zako ni afadhali kuliko km 110,000 za mwingine.

*Kazi.* Kuandika ni dakika chache. Picha ndizo zinazotaka utulivu. Piga pembe ya mbele ili taa, boneti na ubavu vionekane pamoja, kisha pembe ya nyuma ya upande wa pili. Ongeza dashibodi injini ikiwaka na kilomita zikisomeka, viti vya mbele, injini, na kasoro iliyo kubwa kuliko zote. Piga asubuhi au jioni jua likiwa chini, simu ikiwa usawa wa taa za gari. Rudi nyuma hatua kadhaa kisha ikuze picha kwa zumu mara mbili, kwa sababu lenzi pana ya simu ikiwa karibu huivimbisha pua ya gari na kuupinda ubavu. Gari liwe limeoshwa na kukauka. Maji juu ya rangi huficha mikwaruzo, na wanunuzi wazoefu wanalijua hilo.

*Bei.* Tarakimu ni lazima. "Bei njoo inboksi" humfanya msomaji ahisi kwamba atapangiwa bei kulingana na anavyoonekana, naye anapita. Ukiandika "maelewano yapo" bila kikomo umetangaza kwamba bei uliyoitaja si bei. "Maelewano madogo ukishaliona" huyatoa mazungumzo kwenye simu na kuyapeleka mbele ya gari, mahali ambapo mnunuzi ameshatumia nauli na muda wake kuja.

*Kasoro.* Nafasi ipo ya mbili tu, kwa hiyo taja zile ambazo mtu ataziona au kuzihisi ndani ya dakika tano za kwanza. Nyingine mwambie kwenye simu kabla hajatoka nyumbani.

*Wanaokuja.* Simu ni nyingi na za haraka. Madalali na wafanyabiashara wa magari hupenda tangazo hili kwa sababu wao huhitaji modeli, mwaka na bei tu. Utapokea "ya mwisho ngapi?" nyingi kabla hata ya salamu. Andaa jibu moja na ulishikilie.

*Linapoharibikia.* Maandishi yote kwa herufi kubwa, vifupisho ambavyo muuzaji peke yake anavijua, picha moja iliyopigwa usiku, au picha ya gari jingine iliyochukuliwa mtandaoni. Hiyo ya mwisho inagundulika upesi, maana yeyote anaweza kuitafuta picha kwa picha, na akiikuta mahali pengine haamini tena chochote ulichoandika.

*Linamfaa* mwenye gari la kawaida la bei ya chini au ya kati, anayetaka kuuza mapema na aliye tayari kushuka kidogo. Linafaa pia gari linalouzwa kama lilivyo kwa fundi au kwa spea. Hapo mistari mitano inatosha kabisa.

Tangazo la maelezo kamili

Maneno 250 hadi 400, picha 15 hadi 25. Ndilo linaloweza kukutetea bei kuliko yote, na ndilo linaloharibika kirahisi zaidi.

*Mashaka.* Linashughulikia historia: gari limetunzwaje, limebadilishwa nini, limegongwa wapi. Karibu kila modeli ina udhaifu wake unaojulikana mitaani, na mnunuzi ameshausikia kabla ya kufika kwako. Ujibu huo kwanza, kwa tarehe na kilomita. Kwa gari la CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, swali ni oili ya giaboksi. Kwa injini yenye mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha mwendo wa pistoni na vali, swali ni mkanda ulibadilishwa lini. Watengenezaji wengi huweka ukomo wake kati ya km 60,000 na km 160,000, na kwenye injini nyingi mkanda ukikatika pistoni hugonga vali na injini hufunguliwa yote. Kwa haibridi, gari linalotumia mafuta na umeme, swali ni betri kubwa. Kwa dizeli ya turbo ni moshi, nozeli na turbo yenyewe. Tangazo refu lisilogusa swali hilo moja huacha shaka kubwa kuliko tangazo fupi, kwa sababu msomaji anaona umekuwa na nafasi ya kulijibu na ukalikwepa.

Hivi ndivyo sehemu ya kati ya tangazo la namna hii inavyoweza kusomeka:

*Nissan X-Trail 2012, 2.0 petroli, CVT, 4x4, km 168,450.*
*Historia: nililinunua likiwa na km 61,000. Sevisi kila km 7,500, risiti 14 zipo. Oili ya CVT ilibadilishwa km 98,000 na km 151,000.*
*Vilivyobadilishwa: plagi km 151,000, shokapu za mbele km 140,200, pedi za breki za mbele km 160,900. Betri ina miezi 9.*
*Hali ya sasa: injini haivuji, haipandishi joto kwenye foleni. Gia haivumi wala haisiti kuondoka. Mbele kushoto kuna mlio wa kugonga ukipita tuta. Fundi amesema ni linki ya stebilaiza. Sijaitengeneza, bei imezingatia hilo.*
*Matairi: ya mbele ya wiki ya 23 ya 2022, kina mm 6. Ya nyuma ya wiki ya 41 ya 2019, kina mm 3, yanakaribia kubadilishwa.*
*Bodi: mlango wa nyuma kulia ulipakwa rangi upya baada ya kugongwa kwenye maegesho. Tazama picha ya 14 na 15.*

Angalia mstari wa matairi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Kina cha kashata, yaani mifereji ya tairi, hupimwa kwa kipimo kidogo cha bei rahisi, katikati ya tairi na pande zote mbili. Tairi jipya la gari dogo huwa na takribani mm 8, na katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza mwisho wa kisheria ni mm 1.6. Mnunuzi anayekuta namba hizo kwenye tangazo anajua mara moja kama atanunua matairi mwezi huu au mwakani. Na kwa kuwa anaweza kuinama akazisoma mwenyewe, uaminifu wa mstari huo unahamia kwenye mistari mingine ambayo hawezi kuikagua kwa macho.

*Kazi.* Tenga nusu siku. Kusanya risiti zote kwanza, zipange kwa kilomita, ndipo uandike. Ukiandika kwa kumbukumbu utakosea, na risiti moja inayopingana na tangazo inaharibu zote. Picha ziende kwa mpangilio wa mtu anayelizunguka gari: pembe nne, pande mbili, mbele, nyuma, kisha ndani (kiti cha dereva, usukani, dashibodi, viti vya nyuma, dari, buti), injini, matairi manne, tairi la akiba, risiti zilizotandazwa, halafu kasoro. Kiti cha dereva, usukani na kifuniko cha pedali ya breki usivikwepe. Mnunuzi hutazama uchakavu wake na kuulinganisha na kilomita ulizotaja. Pedali iliyokwisha mpira kwenye gari la "km 60,000" inasema mengi kuliko maandishi yako yote. Na kwa wale wanaofikiria kuirudisha mita nyuma: ni udanganyifu unaoweza kukufikisha mahakamani. Marekani iliupiga marufuku kwa sheria ya shirikisho tangu 1972.

Kuhusu hati, andika ziko katika hali gani lakini usibandike picha ya hati nzima. Ina jina, anwani na namba ambazo matapeli huzitumia kutangaza gari lako kama lao. Namba ya chesisi, ambayo kwenye magari mengi huwa na herufi na tarakimu 17, mpe mtu aliyeonyesha nia ya kweli na anayetaka kukagua historia ya gari.

*Bei.* Hapa unaweza kuitetea. Tafuta matangazo manane hadi kumi ya modeli, mwaka na injini hiyo hiyo, ondoa la juu kabisa na la chini kabisa, uone yaliyobaki yamekaa wapi. Kisha panda au shuka kwa sababu unazoweza kuonyesha: matairi mapya, sevisi kubwa iliyokwisha fanyika, kasoro isiyotengenezwa. Usijumlishe gharama za matengenezo yote uliyowahi kufanya. Mnunuzi halipii breki ulizozichakaza mwenyewe, analipia zilizobaki.

*Kasoro.* Sehemu hii ndiyo inayoliuza tangazo refu, na ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Ziweke katikati, katika aya yake, kwa mpangilio wa uzito: kwanza zinazogusa uendeshaji na usalama, kisha zinazogharimu, mwisho za sura. Kwa kila moja sema ni nini, iko wapi, imeanza lini, fundi amesemaje, na kama bei imeshaizingatia. Picha ziwe mbili kwa kila kasoro: moja ya mbali kuonyesha ilipo, nyingine ya karibu ikiwa na sarafu pembeni ili ukubwa ueleweke. Mkwaruzo uliopigwa karibu bila kipimo huonekana kama ufa.

Rangi iliyorudiwa usiifiche. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya maikroni 100 na 180 kwenye kipimo cha unene. Paneli iliyopakwa upya husoma zaidi, na yenye puti, ule udongo wa kujazia mabonde, hupanda mbali sana. Kipimo hicho ni kidogo kama simu, na wanunuzi wengi wa magari ya bei kubwa huja nacho. Ukitaja mlango uliopakwa rangi kabla hajaugundua, hiyo ni habari tu. Akiugundua mwenyewe atahisi ulitaka kumficha, na ataanza kutafuta cha pili na cha tatu.

*Wanaokuja.* Simu ni chache. Wanaopiga wameshasoma, maswali yao ni ya kina, na wengi huja na fundi. Mazungumzo ya bei huwa mafupi kwa sababu sababu nyingi za kukata umeshazitaja wewe mwenyewe.

*Linapoharibikia.* Maandishi yakiwa bonge moja bila aya, hakuna atakayeyasoma kwenye simu. Kuorodhesha vioo vya umeme, sentro loki na redio ni kujaza karatasi, kwa sababu mnunuzi wa modeli hiyo anajua inakuja na nini. Taja tu kile ambacho hakifanyi kazi au kilichoongezwa. Tatizo jingine ni kujipinga: umeandika "breki mpya" na kwenye picha ya rimu diski inaonekana imechimbika ukingoni. Na tangazo refu huzeeka, kwa hiyo kama gari bado linatumika, rekebisha kilomita kila wiki.

*Linamfaa* mwenye gari lenye kilomita nyingi na risiti, modeli yenye sifa ya kutiliwa shaka, gari la bei ya juu, au mtu asiye na haraka anayetaka bei yake. Bila risiti wala kumbukumbu, usilijaribu. Litageuka maneno matupu.

Tangazo la video

Video ya dakika moja na nusu hadi mbili, na chini yake maandishi ya mistari michache.

*Mashaka.* Linaondoa yale ambayo picha na maandishi hayawezi: sauti ya injini, namna inavyowaka ikiwa baridi, moshi, taa za onyo, gia inavyoingia. Haliwezi kuthibitisha historia wala hati.

*Kazi.* Kurekodi ni kifupi, maandalizi ndiyo kazi. Gari lilale usiku mzima bila kuwashwa, kwa sababu injini ya moto huficha mlio wa cheni iliyolegea, mtetemo na moshi wa mwanzo. Rekodi mfululizo bila kukata. Kila mahali ulipokata, mtazamaji anajiuliza kulikuwa na nini. Usiweke muziki. Muziki juu ya injini inayonguruma humfanya mtu aamini kuna mlio unaofichwa, hata kama haupo.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Sekunde 10 za kwanza, simama mbele ya gari utaje modeli, mwaka, kilomita na tarehe ya siku hiyo. Zunguka gari lote polepole kwa umbali wa mita mbili kwa sekunde 30. Gusa boneti kwa kiganja ili ionekane injini ni baridi, kisha ingia ndani. Geuza ufunguo hadi mahali taa za dashibodi zinapowaka, bila kuwasha injini, na usubiri. Taa ya injini, ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) na ya eabegi (mifuko ya hewa) zote zinatakiwa kuwaka. Isiyowaka kabisa huleta swali kama imechomolewa balbu ili kuficha tatizo. Washa injini, onyesha taa hizo zikizimika, acha kamera kwenye mita ya mzunguko wa injini kwa sekunde kadhaa. Toka bila kuzima, nenda nyuma kwenye ekzosi kwa sekunde 15, kisha fungua boneti. Malizia na kasoro.

Kwenye ekzosi mtazamaji anatafuta rangi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Mweupe mzito usiokoma unaashiria maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Mvuke mweupe mwepesi asubuhi ya baridi, unaopotea injini ikipata joto, ni wa kawaida. Kama asubuhi yako ni ya baridi, sema hivyo kwenye video, usije ukahukumiwa kwa mvuke.

*Bei.* Usiitamke. Maandishi yanabadilishwa kwa dakika moja, sauti haibadilishwi, na video yenye bei ya zamani itakusumbua kwa simu za watu wanaodai ile waliyoisikia. Iandike chini ya video.

*Kasoro.* Kamera inayotembea hupita juu ya mikwaruzo bila kuionyesha, hata kama hukukusudia. Simama sekunde tatu kwenye kila kasoro, ielekeze kwa kidole na uitaje. Kwa kasoro za mlio video haina mpinzani. Mlio wa beringi ya gurudumu haueleweki kwa maandishi. Ukitaka kuuonyesha gari likitembea, abiria ndiye ashike simu.

*Wanaokuja.* Watazamaji wengi sana, wapigaji wachache. Lakini video huwafikia walio mbali, na mtu atakayesafiri kuja kuliona gari baada ya kulisikia likiwaka ameshaamua sehemu kubwa.

*Linapoharibikia.* Upepo kwenye maikrofoni, mwendo wa haraka unaomtia mtu kizunguzungu, injini iliyokuwa moto, na maandishi yaliyosahaulika. Bila modeli, mwaka na injini kwa maandishi, anayetafuta kwa maneno hatalipata tangazo lako kamwe. Angalia pia kinachoonekana nyuma ya gari: geti la nyumba, watoto, namba za magari ya majirani. Tafuta uwanja mtupu.

*Linamfaa* mwenye gari ambalo uzuri wake unasikika au kuonekana likiwaka, gari la wapenzi wa magari, gari lililopo mbali na wanunuzi, au gari lisilo na risiti lakini lenye hali nzuri. Injini yenye moshi au mlio ambao hujajua chanzo chake, mpelekee fundi kwanza.

Kuchanganya

Aina hizi hazikatazani. Mchanganyiko unaofanya kazi kwa urahisi ni tangazo fupi hadharani, pamoja na maelezo kamili uliyokwisha kuyaandika na kuyahifadhi kwenye simu. Anayeuliza swali la pili la maana unamtumia yote kwa pamoja. Unapata wingi wa simu bila kurudia majibu yale yale kutwa nzima. Gharama yake ni kwamba wale wanaosoma bila kupiga simu hawatayaona maelezo hayo kamwe, na baadhi yao ndio wanunuzi makini.

Kulingana na hali yako

Unahitaji fedha ndani ya wiki moja, na gari ni modeli inayouzika: tangazo fupi, bei chini kidogo ya katikati ya soko, simu mkononi kutwa.

Gari lina kilomita nyingi lakini umelitunza na risiti unazo: maelezo kamili. Ukilitangaza kwa mistari mitano utalinganishwa kwa kilomita peke yake, na utashindwa.

Umelinunua karibuni, historia huijui: sema wazi hivyo. Weka video ya kuwasha likiwa baridi, na kama unaweza, lipime kwa kompyuta na uambatishe matokeo yenye tarehe.

Gari lilipata ajali na kutengenezwa: maelezo kamili pamoja na picha za kabla ya matengenezo kama zipo. Aya ya ajali ikae juu, si chini. Kama mifuko ya hewa ilifunguka au chesisi ilinyooshwa, lazima mnunuzi ajue kabla hajaja. Hilo linagusa usalama wake, na kulificha kunaweza kukuletea kesi baada ya mauzo.

Gari haliwaki: fupi, na neno "haliwaki" likae kwenye mstari wa kwanza. Taja kilichopo kizima, maana anayelinunua analinunua kwa ajili hiyo.

Gari ni la bei kubwa au la toleo adimu: maelezo kamili na video, vyote viwili. Mnunuzi wake yuko tayari kusubiri na kusoma.

Huna ujasiri wa kuongea kwenye kamera: video inaweza kwenda bila sauti yako kabisa, injini ikisikika na maelezo yakiwa chini kwa maandishi.

Chochote utakachochagua, kipe siku saba hadi kumi kabla ya kukibadilisha, na usome kinachotokea. Watu hawapigi kabisa: kosa liko kwenye picha ya kwanza, mstari wa kwanza au bei, badilisha kimoja kwa wakati ili ujue kipi kilikuwa kizuizi. Wanapiga lakini hawaji: maandishi yanaacha swali ambalo majibu yako ya simu hayaliridhishi, kwa hiyo liandike jibu lake ndani ya tangazo. Wanakuja, wanalizunguka gari, wanaondoka bila kutaja bei: gari halifanani na tangazo. Muulize atakayefuata ni kitu gani hakukitarajia, kisha kitu hicho kipige picha na ukiweke kwenye tangazo siku hiyo hiyo.